Wakfu wa Tarehe

Zamani harusi moja ilikuwa na siku nne:
ya karatasi iliyobandikwa ukutani Langoni,
ya kinywani mwa muuza maji,
ya kadi,
na ya shangazi Tima, aliyetoka Faza na kopo lake la samli
akakuta turubai limekunjwa, wali umebaki ukoko,
bibi harusi keshafika Mombasa.
Siku tatu hakusema na mtu.
Hapo ndipo nilipoanza orodha.

Haikuwa na picha wala mapambo.
Faili tupu, mstari kwa mstari:
nini, wapi, lini, nani.
Nikaiweka mahali ambapo mashine yoyote
huja bila hodi, ikachota, ikaenda zake.
Redio ikachota. Ubao wa zahanati ukachota.
Kijana wa Mpeketoni, simjui hata sura, akachota,
na mtu mmoja Muscat ambaye nyumba ya mamake
iko Mkomani, imefungwa.

Akaja bwana wa hoteli ya Shela na bahasha.
“Niuzie. Nitaitia mlango mzuri, wageni watalipa kuingia.”
Nikamwonyesha kisima cha mtaani kwetu,
alichokichimba bibi ambaye jina lake limefutika,
sharti lake halijafutika:
hakiuzwi, hakitolewi hiba, hakirithiwi.
“Hii nayo nimeiwakifu. Ndoo yako, kamba yako.
Kufuli usiweke.”
Alichota. Chini ya tarehe zangu anauza maji ya ndimu.

Tabu ilikuwa mwezi.
Mashine haijui kungoja mwezi uandame, inataka namba.
Nikaongeza safu: *hakika*, au *inshallah*.
Programu ya yule kijana iliitapika inshallah wiki nzima,
kisha ikaizoea, kama sisi.

Na kosa nalo hupanda mkondo uleule.
Darasa la kushona kofia, uani kwa Bwana Lali, saa mbili usiku.
Nilikuwa na usingizi. Nikaandika mbili, 02:00,
nikasahau kwamba saa yetu huzaliwa jua likizama
na ya mashine huzaliwa usiku wa manane.
Redio ikarudia. Zahanati ikarudia. Muscat ikarudia.

Watu kumi na mmoja walikuja saa mbili, wakinicheka.
Nani hushona saa nane, paka wakigawana mitaa?
Tukashona, nikafunga uwa, nikalala.

Saa nane na dakika tano: hodi.
Famau, mwoka mikate, unga kwenye nyusi,
sindano kaichomeka kolani.
“Mekuya. Simu yasema ni sasa.”
Mkononi kofia nusu,
nusu tangu mamake alipofariki, miaka kumi na tisa.
“Kila darasa lenu hunikuta nimelala, au niko tanurini.
Hili nilipoliona nikasema, hatimaye wametukumbuka.”
“Akina nani?”
“Tulio macho.”

Sikumwambia. Niliwasha taa.
Tundu langu la kwanza lilipinda, la pili likapasuka.
Yeye, kidole kinanuka hamira, akaufumua uzi wangu taratibu
akaanza upya, akiguna wimbo ambao hakuumaliza.
Kumbe mwanafunzi alikuwa mimi.
Tuliachana kwa adhana; mikate ilikuwa inamngoja.

Nikafungua faili.
Kurekebisha ni mahali pamoja tu:
namba moja, na kila ubao unajirudi wenyewe.
Saa mbili ya wale kumi na mmoja niliinyoosha, 20:00.
Halafu nikaongeza mstari chini yake.

nini: kushona kofia
wapi: uani kwa Bwana Lali
lini: 02:00, hakika
nani: Famau Skanda, mwalimu

Safari hii najua ninachoandika.
Chai haijachemka, zahanati imeshachota;
muuguzi wa zamu ya usiku anauliza
kama uzi aje nao mwenyewe.