Mgrivea wa Saba

Migrivea saba aliipanda bibi Aikaruwa
kando ya mfereji, Machame juu,
mwaka uleule kahawa iliposhuka bei
na mimi nikazaliwa.
"Hii si ya kivuli," alisema. "Ni ada."

Wa kwanza ulilipa kidato cha kwanza.
Wa pili: godoro, viatu, sanduku la bati.
Wa tatu ulianguka vibaya, ukavunja migomba ya jirani;
tukalipa migomba.
Nilipofika chuo, kihamba kilikuwa kimejaa jua.

Leo nakaa dirishani, benki, Moshi mjini,
nauliza watu: dhamana yako ni nini?
Mama mmoja wa Kiboroloni,
vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akanijibu,
"Nina mtoto darasa la sita."
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha jibu hilo.

Jumamosi nilipanda Machame na miche ya parachichi.
Bibi alikuwa anamkatia ng'ombe majani.
Nikasema, nimekuja kulipa.
Akacheka mpaka kilemba kikalegea.
"Unilipe mimi? Chimba kule, karibu na maji.
Na huo wa saba usiuguse. Una mwenyewe."

Mwenyewe nani?
Mimi hata mchumba sina.