Jino la Mteja Asiyerudi

Aliniletea kwenye gazeti, kama muhogo wa kuchoma,
Kirenga, dereva wa lori la mawe ya chokaa.
Madalali wa vito Arusha walilimulika kwa tochi, wakacheka:
mpelekee yule wa Moshi,
anayetengeneza meno nyuma ya soko la Mbuyuni.

Likajaa kiganja.
Miaka kumi na tisa nachonga meno ya watu.
Nalijua gego lililochoka kwa makande,
nalijua jino lililogeuka kahawia kwa maji ya Meru.
Hili sikulijua.
Kingoni lilikuwa na vijino vyake lenyewe,
msumeno mzima,
na nchani pamemeguka:
lilikutana na mfupa wa nani?

Papa, akasema Ndewirwa, binti wa jirani asomaye miamba.
Papa huyu tunayemla mkavu, na nazi?
Huyo huyo, ila mrefu kama basi la Dar,
wa zamani ambazo Kibo haijazaliwa.
Alikula nyangumi,
nyangumi wakimeza dagaa,
dagaa wakimeza vumbi hai linaloelea juani.
Chini nguva wakichunga majani,
na wana wa papa, kwenye kina kifupi,
wakijifunza kuuma.

Mifupa yake iko wapi?
Hana. Gegedu tupu. Shika sikio lako.

Nikashika.
Mwili wote ule: uti, mkia, njaa,
umeyeyuka,
kimebaki kitendea kazi.

Na wala asingenihitaji. Jino likidondoka
lingine liko nyuma, limeshajiandaa,
safu kwa safu, kama foleni ya benki mwisho wa mwezi.
Ningekufa njaa.

Usiku nikalilaza kwenye glasi ya maji,
kando ya glasi yenye meno ya juu ya Bi Aikande
(bado anamalizia deni).
Zikakaa dirishani bahari mbili
zisizojuana.

Asubuhi, chini ya moja, tope jeupe,
kiasi cha kuokota kwa kidole.
Nikaokota. Nikaonja.
Halikuwa na chumvi.

Kirenga hakuzima hata injini. Shilingi ngapi?
Kuosha ni bure, nikamwambia.
Akalifunga tena kwenye gazeti lile lile
akaondoka na vumbi lake.

Nikabaki napitisha ulimi kwenye pengo langu, kushoto,
ambalo tangu mwaka juzi sijapata nafasi ya kuliziba,
nikipapasa nyuma yake,
nyuma kabisa.
Hakuna aliyepanga foleni.