Tumepanga Kwake

Kabla Kisanga haijaota kuta na mageti,
kichuguu kilisimama nyuma ya kwa shangazi Chansa,
kirefu kuupita mwembamba wa moshi wa jiko lake,
na mgongoni kimebeba miti isiyokubali kuota pengine:
mkwaju, miiba nisiyoijua jina,
na mtini uliomkumbatia jirani yake
mpaka jirani akafa wima.

Shangazi alikiita mwenye nyumba.
"Tumepanga kwake," alisema,
"sisi, na nyoka, na bundi yule,
na kodi hatujalipa hata mwezi mmoja."

Septemba msitu hujitia wekundu.
Mgeni hudhani umeungua.
Kumbe ni majani machanga,
laini kama sikio la mwanambuzi,
yametoka bila kungoja tone.
Maji yametoka wapi?
"Mti si kama wewe," alinijibu. "Mti unaweka akiba."

Halafu Novemba,
mvua ya kwanza inayonuka sarafu ya zamani.
Usiku kumbikumbi wanaizonga taa,
watoto na mabeseni,
paka ana mabawa mdomoni, hajui ateme au ameze.

Uyoga ulikuja baadaye, kwa wakati wake.
Uliupasua udongo kwa kichwa kama mtoto mkaidi;
jana kidole, leo sinia.
Siku moja mvua ilinikuta nao njiani
nikajifunika.
Nikafika nyumbani nywele kavu, miguu tope,
na mboga ya jioni imekwisha kuoshwa.

Mwelwa wa matofali alikuja wakati wa kiangazi
na vijana watano na makoleo.
Udongo wa kichuguu, alisema,
ni unga uliokwisha kukandwa:
mchwa wamefanya nusu ya kazi
na hawadai.
Wakakikata ubavuni kama mkate.
Siku ya nne wakamfikia malkia,
mnene kama dole gumba, mweupe, mwenye kumeta,
hana miguu ya kumtosha kukimbia.
Mwelwa alivua kofia.
Akasimama hivyo kidogo.
Kisha akaivaa, akaendelea.

Miti ikawa makala, magunia saba,
yakaondoka kwa baiskeli kuelekea Katuba.
Bundi akahamia nguzo ya umeme
isiyo na umeme.

Nina ndugu mwingine wa kumtaja hapa, baba mdogo Ngosa,
aliyetembea maisha yake yote akiinamia
ua dogo la zambarau linalopenda shaba.
Pale ambapo nyasi zinakufa, lenyewe linachanua.
Linapoota, chimba: hiyo ndiyo shule aliyosoma.
Nililiona juzi chini ya mlima mweusi wa tanuru,
limesimama kwenye sumu kama aliye kwake.
Silipendi. Ndilo lililovichongea vilima.
Lakini nililipisha njia.

Shangazi hakulia.
Sehemu yake alipewa matofali, si pesa,
akajenga vyumba viwili, akaviachia jina langu.
Ndimo ninamolala.
Mvua ikipiga ukuta nasikia harufu ileile,
na mara nyingine, usiku wa manane,
kitu kama mchanga kinateleza ndani ya tofali.

Februari hii, pembeni mwa jiko,
saruji ilifanya ufa.
Njia nyembamba ya udongo ikaanza kupanda ukutani,
upana wa unyasi,
na chini yake, nyuma ya dumu la maji,
vichwa vitatu vyeupe.

Nilichukua mafuta ya taa. Nilichukua na kiberiti.
Nilisimama kama Mwelwa, bila kofia ya kuvua.

Viwili nimevichuma,
nimevipika na karanga, nimevilia na bukari
peke yangu, mlango wazi.
Cha tatu, kile kidogo, nimekiacha.
Hiyo ni kodi.

Na ufa sijauziba.