Uzio wa Bwana Hamyar

Tumetandaza waya mita mia kila upande
kwenye changarawe nje ya Mudhaibi,
mraba usio na nyumba ndani.
Chini yake, wanasema, ndiko falaji ilikokimbilia.

Maji hayasemi mpaka uyasukume.
Unapitisha mkondo, viini vyake vinainama;
unaukata ghafla, navyo vinarudi vikiyumba
katika sumaku hii dhaifu ya dunia,
mara elfu moja mia nane na thelathini kwa sekunde,
sauti ya vipande vya bilioni vya volti,
halafu basi.
Umesikia au hukusikia.

Sisi hatukusikia.
Tulisikia nguzo za umeme za barabara ya Sinaw,
hamsini kwa sekunde na wajukuu wake wote,
yule wa thelathini na sita akikaa
mlango kwa mlango na maji.
Tulisikia pampu, kiyoyozi cha msikiti,
radi iliyopiga mbali, pengine Bara Hindi.

Thuraya akaukunja waya ukawa namba nane:
kinachoingia jicho hili kwa kulia
kinaingia lile kwa kushoto, vinafutana
kama watu wawili wanaodaiana riale kumi kumi.
Akatandaza na waya wa pili, kule pakavu,
kazi yake kusikiliza uchafu tu
ili tuujue, tuutoe.
Tukapima mara mia. Ukipima mara mia
maji huzidi mara mia, kelele mara kumi.
Subira ya namna hii naiweza, ina hesabu.
Ile ya bibi yangu sikuiweza.

Bado: ta. Ta. Ta.
Kila sekunde na kidogo, kama mtu anayebofya kalamu.
Nikatembea na koili mkononi, kama aliyepoteza pete,
mpaka kwenye zizi la Bwana Hamyar:
uzio wa umeme, betri ya gari, kisanduku cha njano.
Nikamwomba auzime mpaka saa sita.

"Ngamia watanilia shamba lote," akasema,
kwa Kiswahili cha Bujumbura
ambacho hakukitoa kabatini tangu mkewe afe.
Akanitazama. Akatazama betri.
Akachomoa waya, akachukua fimbo,
akasimama yeye mahali pa uzio,
tangu isha, peke yake, viatu mkononi,
akiwanong'oneza ngamia kumi na mmoja: we, rudi, rudi,
maana alidhani sauti yake nayo
ingeingia mashineni.
Sikumsahihisha.

Saa tano na dakika arobaini
mstari ukainuka kwenye kioo, ukashuka taratibu
kama kitu kinachojua kinakokwenda.
Mita thelathini na moja. Si mengi.
Thuraya hakushangilia; alisema turudie.
Tukarudia. Yakawa yale yale.

Nje fimbo iligonga jiwe mara moja.
Nikatazama kioo: haikuandikwa popote.