Kichwa cha Kupachika

Mchoraji huandika jina lake kwenye kona,
tajiri wa duka hugonga muhuri wake.
Mimi sina kona.
Mimi ni nywele: pale zinapoota pajini,
ishirini kwa upana wa ukucha,
ubao wa mcheri, patasi, pumzi imezuiwa.
Anayetaka kujua nimepita wapi
asogeze taa.

Mabibi wa Yoshiwara nimewachana bila kuwagusa.
Wapigana mieleka nimewapunguza tumbo, wakanuna.
Nimechonga mvua darajani, paka aliyevaa kimono,
mzuka mwenye shingo ndefu kama mrija wa kiko,
na mlima ule ule, mara kumi na saba,
nisioupanda kamwe,
maana goti langu na tajiri wangu hawaruhusu.
Vyote kwa bei ya bakuli la tambi.
Watu hununua, hubandika ukutani,
mwaka ukigeuka wanafungia samaki.

Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza
Izutsuya aliingia, theluji mabegani:
"Asagiri Umenojo kafia Osaka.
Kukicha nataka picha za buriani, mia tatu.
Edo ikiamka ilie,
na ikilia, ilie na karatasi yangu mkononi."

Muda wa ubao mpya haukuwapo.
Nikatoa wa mwaka juzi: mwigizaji mwingine, marehemu wa kweli,
tasbihi, yungiyungi, joho la samawati
wanalovishwa wasafiri wa huko.
Nikamkata kichwa.
Nikapachika kipande kipya, nikakigonga kikae,
na juu yake nikachonga pua ya Umenojo,
pua ambayo akina mama wa soko la samaki
huitambua hata ikipita ndani ya machela, pazia limeshushwa.
Mke wangu Tose alishika taa.
Alilia, ila pembeni, ubao usilowe.

Kabla ya adhuhuri ilibaki moja, yenye doa.
Akaja mteja, kofia ya mabua imemfunika macho,
akailipia, akaitazama sana.
"Pua," akasema, "mmeizidisha."
Akavua kofia.

Izutsuya alikalia bakuli la gundi.
Mimi nilitazama paji, pale nywele zinapoota.
Nilikuwa nimepatia.

Hakudai kitu, hata senti yake hakuirudia.
"Lisemwalo lipo," akasema akikunja karatasi,
"na kama halipo, laja. Utunzeni ubao."

Ukakaa rafuni miaka minne, kati ya paka na mvua.
Safari hii habari ililetwa na mwanawe, miguu mitupu.
Nikaushusha, nikapuliza vumbi.
Pua nikaipunguza;
ubao hukubali kupunguzwa, kuongezwa haukubali.
Kisha pajini, taa karibu, nikaondoa nywele,
moja, halafu moja,
zile alizokuwa amepoteza tangu siku ya kofia.