Kipimo cha Shilingi

Alumini haikemewi, husema Kitsao
kila asubuhi akifungua kufuli la karakana, hapa Maweni,
kabla ya chai, kabla ya mahamri ya Mama Dzame.
Chuma unaweza kukitukana kikakuelewa.
Hii, ukiipiga kwa hasira, inaitunza hasira.

Chesisi imekaa juu ya magogo manne,
mabomba niliyoyachomelea wakati wa vuli.
Haina mlango, haina kioo, injini imefunikwa leso
ambayo jina lake limefutika, limebaki *Usinione*
na mengine tunajitungia.

Kazi yangu ni sabuni.
Napaka mche mzima juu ya bamba,
kisha moto wa gesi, nikiupitisha kama anayepiga pasi.
Sabuni inageuka chai, inageuka kahawa,
ikiwa nyeusi kama kaniki naondoa moto.
Ukichelewa kidogo tu, bamba linakuwa uji
na fedha za watu zimemwagika sakafuni.

Likipoa linakubali.
Kitsao analilaza juu ya mfuko wa ngozi
ulioshiba mchanga wa Sabaki,
nyundo ya mkwaju inaingia, ko, ko, ko,
bonde juu ya bonde,
mpaka mabonde yanasahau kuwa ni mabonde
na bega la gari linatokea.
Jirani anauliza tunatwanga nini miezi mitano
na unga hajauona.

Siku ya kuvalisha tulijipanga watu wanne kuinua.
Wawili wakabaki na mikono mitupu, wakacheka:
bodi nzima, nyepesi kama mlango wa banda la kuku.
Kulia ikakaa kama kofia iliyorudi kwa mwenyewe.
Kushoto ikagoma.

Kitsao akatoa sarafu mfukoni. Sheria yake ni hii:
shilingi mbili ziingie kwenye mwanya wa mlango, ya tatu igome.
Kushoto ziliingia tano,
na ya sita ikawa inafikiria.

Nilijua.
Tangu vuli nilijua.
Bomba la kushoto lilivutwa na moto wangu,
nikaliona likiinama, upana wa ukucha wa kidole gumba,
nikapaka rangi juu yake, nikanyamaza.
Sasa nikasema, macho kwenye viatu.

Hakujibu. Alikunywa maji. Akazunguka gari mara mbili,
akapitisha kiganja ubavuni, amefumba macho,
kisha: Mbeyu, lete mkasi.
Mfupa hatuuvunji kwa ajili ya shati.

Tukakata tuliyoyabembeleza wiki tatu.
Sabuni upya. Moto upya.
Mimi ndani, chuma cha kukingia kiganjani,
yeye nje, na kati yetu bamba jembamba kama ukucha,
tukajibizana hivyo hadi baada ya isha.
Kila pigo nililihisi kabla sijalisikia.

Tukachanachana tyubu ya baiskeli,
tukailaza kila mahali alumini inapokutana na chuma,
maana hewa ya hapa ina chumvi
na hao wawili wakigusana wakilowa, mmoja humla mwenzake.
Ndipo ribiti. Mia mbili na kumi na moja.

Daktari Mwanahawa Famau alikuja Ijumaa, bado na koti la kliniki.
Ni daktari wa meno; mianya ndiyo kazi yake.
Akapitisha ukucha kulia. Akapitisha kushoto. Akarudia kushoto.
“Huku kumenenepa.”
“Ni mimi,” nikasema.
Akatabasamu, na yeye mwenyewe ana mwanya,
hajawahi kuuziba,
akatia sahihi.

Ile shilingi ya tatu, iliyogoma, ilinidondoka
ndani ya mlango nilipofunga ribiti ya mwisho.
Sikumwambia mtu.
Juzi akapiga simu kutoka barabara ya Mambrui:
gari linaruka, anasema, linakwenda kama limetumwa,
ila kushoto kuna kitu kinalia, keng, kila shimo.

Kitsao akaniangalia.
Safari hii sikungoja vuli.