Kisiki

Mwezi wa kumi, kabla vuli haijakata shauri,
mgrivea wetu wa Pasua ulivaa rangi ya chungwa
nami nikaanza kulala nimeketi,
mito mitatu mgongoni, dirisha limefungwa,
kifuani paka wawili wanagombea kiti kimoja.

Mwaka huo nilikwenda harusini Dar, nikabanwa.
Daktari kijana akaniuliza:
"Mama, unakaa kwenye moshi?"
"Ndiyo, Moshi."
"Wa kuni au wa mkaa?"
"Wa Kilimanjaro."
Tukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikageuka mluzi.

Niliporudi nikatafuta mwenye hatia.
Mti ndio uliokuwa karibu.
Aliupanda baba mkwe, marehemu Eliaringa,
mwaka tulioletewa umeme.
Mume wangu Ombeni akasema, "Una uhakika?"
Nikasema, "Nina kifua."

Msumeno ulilia nusu siku.
Kesho yake chozi wakaja, wale wadogo wa kijani,
wakaelea hewani pale pale palipokuwa na ua,
wakaelea,
wakaenda zao.

Mbao zilinunua mabomba matatu ya bluu
na moja la kahawia.
La kahawia nililiweka kabatini na vikombe vya wageni:
nilivuta siku mbili, sikuona tofauti.
Dawa isiyosaidia leo, ya nini?

Mwezi wa kumi ukarudi bila mgrivea.
Malori ya mchanga yakapandisha vumbi hadi kwenye sufuria.
Kusini wakachoma miwa,
masizi yakatua juu ya kanga nilizoanika,
meusi, mepesi,
kama barua iliyoungua kabla ya kusomwa.
Usiku wa tatu nikashindwa kumaliza sentensi.
Nilitaka kusema "Ombeni, niletee."
Niliishia kwenye "Ombe."

Kwenye bodaboda walinikalisha katikati,
dereva mbele, Ombeni nyuma,
mikono yake ikinizunguka bila kunibana.
Nilihesabu taa za barabarani hadi Mawenzi
kwa kuwa kuhesabu kimoyomoyo hakuli hewa.

Muuguzi Ndetaulwa alichukua chupa ya maji, ya nusu lita,
akapasha kisu moto, akatoboa kitako,
akachomeka bomba.
"Vuta taratibu. Shikilia. Hesabu hadi kumi.
Usiupulizie ulimi, ulimi hauna pumu."

Kulipokucha akauliza la kahawia liko wapi.
Nikamwambia habari za vikombe.
Hakunicheka.
"La bluu ni zimamoto," alisema. "La kahawia ni mlinzi.
Unamfukuzaje mlinzi
eti kwa sababu hujaibiwa?"
Nikamwambia na habari za mti.
Hapo alinyamaza, akakunja cheti changu mara mbili.
"Chavua ya mgrivea hubebwa na ndege, mama.
Upepo hauna habari nayo."

Ombeni alikuwa amesimama mlangoni.
Hadi leo hajalirudia neno lile,
na kutolirudia kwake nakusikia kila ninapofagia.

Siku hizi nafagia kwa kitambaa kibichi.
Godoro naliota jua kila Jumamosi, mimi nikiwa mbali.
Wakichoma miwa, naanika ndani, nyumba inanuka sabuni.
La kahawia nimelifunga uzi kando ya mswaki:
mivuto miwili asubuhi, miwili jioni,
kisha nasukutua, natema,
hata siku ninayojisikia ningeweza kupanda mlima.
Hasa siku hiyo.

Jioni nakaa juu ya kisiki na chupa yangu.
Kipana kinanitosha, hata mtu wa pili angekaa.
Jana mtoto wa jirani, Kandida, alisimama uani
akanitazama nikivuta, nikishikilia, nikihesabu.
"Shangazi, unakunywa nini kwenye chupa tupu?"
Nikafika kumi kwanza.
"Mwezi wa kumi," nikamjibu.
"Kidogo kidogo."